Mkwe Ambaye Hajaonyeshwa Moto

Chai ya rangi ni mwongo. Unaitia sukari mpaka inakuwa nzito kama asali, unaisindikiza na maandazi mawili matatu, unapanda baiskeli alfajiri na kujiona simba. Ukifika nusu ya kilima simba keshaondoka, umebaki wewe na gunia na miguu inayotetemeka. Nimekuwa mbeba mizigo kwa baiskeli hapa Tunduma tangu sijaoa. Navusha mizigo ya watu kwenda Nakonde, upande wa Zambia, narudi na ya huko. Katika miaka ile ya mwanzo sikuwa naendesha kwa nguvu za chakula. Nilikuwa naendesha kwa sukari na ubishi.

Wenzangu kijiweni walikuwa vilevile, na wengi wao bado wako vilevile, maana kichwa cha mbeba mizigo ni kigumu kuliko keria yake. Kulikuwa na jamaa mmoja mrefu aliyejifanya mwalimu wetu wa kila kitu, kuanzia siasa hadi ndoa za watu. Yeye alikuwa na somo lake kuhusu chakula. "Oya, ukila asubuhi unabeba mizigo miwili," alikuwa akisema. "Mmoja kwenye keria, mwingine tumboni. Tumbo tupu ndiyo injini." Tulicheka, mimi nikiwa wa kwanza kucheka. Mchana jua likiwaka anafungua chupa ya enaji, kile kinywaji cha kuongeza nguvu, anaigugumia yote, macho yanamtoka, anapanda kilima akipiga mluzi. Baada ya hapo utamkuta amekaa chini ya ukuta wa ghala, kimya, hataki kuulizwa kitu. Na sisi wanafunzi wake tulikaa pembeni yake hivyohivyo, tukijidanganya kwamba tunapumzika.

Jioni ndipo tulipolipiza. Ugali wa sembe mlima mzima, dagaa wa kuhesabu, mchuzi mwekundu wa mafuta, kisha tunalala fofofo. Kesho chai tena.

Nikakonda. Hilo lingekuwa jambo dogo kama ningekuwa naishi Ndalambo au Ibaba, ambako mtu akikonda wanasema amelima sana. Tunduma ni mji wa mpakani. Malori yanalala barabarani kwa foleni, madereva wanatoka kila nchi, nyumba za wageni haziishi. Mtu akikonda hapa hawaulizi amekula nini. Wanauliza amelala wapi. Na usiwaambie kwamba siku hizi wenye virusi wanaotumia dawa wananawiri kuliko mimi na wewe, maana watu wa mji huu wakishapata jibu hawana haja ya swali.

Sasa, mke wangu ni wa upande wa pili wa mpaka. Baba yake alikuwa Mnamwanga kama mimi, marehemu sasa, lakini mama yake ni Mbemba wa Kasama, mwanamke aliyebeba mila zote za kwao akaja nazo Nakonde bila kupunguza hata moja. Anauza maharage kwa gunia, na uani kwake anatengeneza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho ukikinywa kikiwa baridi unasahau deni la dunia. Nilikuwa nambebea mizigo yake kabla sijamjua binti yake. Ningejua yanayokuja, ningeacha kumbebea siku ile ile nilipomwona binti.

Kwa Wabemba, mwanamume aliyeoa hali chakula cha ukweni mpaka aonyeshwe moto. Ichilanga mulilo, ndivyo wanavyoiita. Siku hiyo wanawake wa upande wa mke wanapika kila kitu kinacholiwa kwao, wanakibeba kwenye masufuria yaliyofunikwa, wanakipanga mbele yako, wanafunua kimoja baada ya kingine na kukuambia: hiki ndicho chakula chetu, kuanzia leo ukikikuta kwetu, ule. Kabla ya siku hiyo hata punje ya mahindi ya kwao haiingii kinywani mwako. Mama mkwe humtazami usoni wala husemi naye, na yeye hasemi nawe. Na siku yenyewe huipangi wewe. Wanaipanga wao wakipenda.

Basi mchana, jua la utosi, mimi nafika uwanjani kwa mama mkwe na gunia la maharage mgongoni mwa baiskeli. Kuku anachemka jikoni. Kisamvu kimetiwa karanga, harufu yake inakuja mpaka getini kunipokea kama mwenyeji. Mtungi wa munkoyo umekaa kivulini ukitoa jasho. Vibarua wanaopepeta maharage wanakula, majirani wanaopita wanakaribishwa, mbwa anatupiwa mfupa. Mimi, mume wa binti wa nyumba, nimesimama nje ya mduara nikimeza mate.

Mama mkwe alikuwa na kinu kikubwa uani, na alisema nami kwa kupitia kinu hicho. Ananipa mgongo, anakiambia kinu, tena kwa lile neno lao la heshima, mukwai.

"Kinu, haya maharage ya leo yana mawe, mukwai."

Nami naielekea baiskeli. "Baiskeli, maharage hatukuyalima sisi."

"Kinu, jana mzigo ulichelewa."

"Baiskeli, jana kilima kilikuwa palepale."

Watu wa pale waliona ni adabu nzuri sana. Mimi niliona ni kudhalilishwa na kinu.

Nilipomuuliza mke wangu kwa nini siku ya moto haipangwi, alizungukazunguka kwanza. Alifagia, akatoka, akarudi. Mwishowe akasema, "Mama anaogopa." Anaogopa nini? "Anasema hawezi kumwonyesha moto mtu anayekwenda kaburini. Atamaliza kuku wote, halafu achimbe."

Niliruka kama nimekalia siafu. Mke wangu alikuwa na mimba changa wakati huo, tulikwenda kliniki pamoja, tukapimwa wote wawili, tukaambiwa tuko salama wote wawili. Alimpelekea mama yake karatasi ya majibu. Mama mkwe akajibu kwamba karatasi hainenepi.

Hebu fikiria uonevu huo. Sinenepi kwa sababu nashinda juani bila chakula, na chakula kiko kwake, nakisikia harufu kila mchana. Hanipi kwa sababu sijaonyeshwa moto. Hanionyeshi moto kwa sababu sinenepi. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, lakini wahenga hao hawakuwa na mama mkwe wa Kasama. Nilimchukia. Sitaki kupamba. Nilimchukia nikiwa napanda kilima na nikamchukia nikiwa nateremka, na kuteremka ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, maana miguu imepumzika na akili ina nafasi.

Siku ya aibu ilikuja kabla ya mvua za mwanzo, wakati lile joto linakandamiza mji na hata nzi wanachoka. Asubuhi nilikuwa nimekunywa chai na andazi moja. Mchana, badala ya kula, nikakopa akili ya yule jamaa mrefu nikanywa enaji. Nilikanyaga vizuri tu mpaka karibu na geti la ukweni. Pale jasho langu likawa la baridi. Mikono ikaanza kucheza kwenye usukani. Uwanja ukawa mweusi pembeni na mweupe katikati, nikasikia gunia linaniacha, kisha nikawa nimelala kifudifudi kwenye vumbi la mama mkwe.

Sikuzimia kabisa. Ningezimia ingekuwa heri. Niliona miguu yake. Ilikuja mbio kutoka kivulini, ikasimama hatua chache kutoka usoni kwangu. Ikarudi nyuma. Ikaja tena, ikasimama palepale. Matone ya munkoyo yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kikombe alichoshika, yanalowesha vumbi mbele ya macho yangu, na mimi ulimi umekauka kama kipande cha gunia. Hakunipa. Alipiga kelele tu akiita jirani, na jirani akaja kutoka nyumba ya tatu na maji ya kwake ya sukari, akaninywesha kama ndama.

Nikiwa bado nimekaa chini nikamsikia akikiambia kinu, sauti ikiwa imekauka, "Kinu, umeona mwenyewe."

Wiki hiyo hiyo alimwita binti yake. Kwa mila mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke, kwa hiyo mbele za watu hapakuwa na ugomvi wowote, ni binti amekwenda kujifungua kwao. Lakini mke wangu aliniambia ukweli wote akifunga nguo zake. "Mama anasema nitarudi ukishakuwa na mwili. Usipokuwa na mwili nitabaki, mimi na mtoto."

Nilisema maneno kuhusu mama yake ambayo sitayaandika. Aliniacha niyamalize. Kisha akafunga fundo la kitenge, akasema, "Kula. Sijali utakula nini. Ila kula."

Hivyo ndivyo nilivyobaki Tunduma na chumba, jiko la mkaa na hasira. Na niseme jambo moja ambalo wataalamu wa chakula hawalisemi: hasira ni mpishi mzuri. Inakuamsha mapema. Mtu anayekula kwa furaha hula akishiba akaacha. Mimi nilikula kwa kisirani, na kila tonge nililimeza likiwa na sura ya mgongo wa mama mkwe.

Mwanzoni nilikosea kama mpumbavu yeyote. Nilijiambia kama njaa ndiyo adui, basi dawa ni kushiba. Nikaamka alfajiri, nikasonga ugali mkubwa kama ule wa jioni, nikaumaliza na maharage, nikapanda baiskeli. Kabla sijafika sokoni tumbo lilikuwa limegeuka jiwe. Niliegesha baiskeli pembeni ya mtaro nikautapika ugali wote mbele ya wanafunzi wanaokwenda shule, nao wakanipigia makofi. Yule jamaa mrefu alipopata habari alikosa mbavu. "Si nilikwambia? Mizigo miwili hiyo!"

Nilimchukia na yeye, nikamwongeza kwenye orodha. Lakini sikurudi kwenye chai. Nikaanza kujiangalia mwenyewe kama mtu anavyoangalia pikipiki inayokohoa: nikila hiki saa hii, naishia wapi? Uji wa ulezi niliutia karanga za kusaga, nikaunywa kikombe kikubwa kukiwa bado giza, kisha nikasubiri kidogo huku nikijaza upepo na kukaza spoku. Uji ule hauna majivuno. Haukupandishi juu kama enaji, unakaa tu, na ukifika kilimani unaukuta bado upo. Viazi vitamu nilivichemsha usiku, nikavibeba kwenye kopo nililolifunga kwenye usukani, pamoja na ndizi za Ileje. Nikajifunza kula kabla njaa haijanijulia hali: kipande hapa wakati napakia, ndizi pale wakati nasubiri foleni. Njaa ukiisubiri ifike, umechelewa. Itakunyang'anya miguu kwanza ndipo ikuombe chakula.

Maji nayo. Zamani nilikunywa nikiwa nimeshakauka, nayo yakaniletea maumivu ya kichwa tu. Sasa nikawa natia ndimu, sukari kidogo na chembe za chumvi ya Ivuna, nakunywa funda funda njia nzima. Jioni nikapunguza mlima wa ugali, nikaongeza kilichoko pembeni: maharage ya kutosha, kambale wa Rukwa nikimpata, majani ya maboga, parachichi la Mbozi ambalo watu hapa wanawapa nguruwe.

Na nikaacha sembe. Hilo ndilo lililowauma majirani. Sembe nyeupe ndiyo fahari ya mtu wa mjini, hata kama anadaiwa kodi. Mimi nikawa napeleka mahindi mashineni na kusema, usikoboe, saga yote. Msagaji alinitazama kwa huruma. Mama mwenye nyumba wangu alichungulia sufuria akauliza, "Kijana, umetoka jela?" Nikamwambia jela kuna wenye afya kuliko nyumba hii. Hakunisemesha kwa muda mrefu, na ulikuwa muda mtamu sana.

Kijiweni wakanipa jina, Mama Lishe. Nikifungua kopo wanapiga vijiko hewani. Sikucheka nao wala sikuwaeleza kitu. Nilikula viazi vyangu nikiwatazama machoni mmoja mmoja.

Mvua zikaja, udongo ukawa gundi, na hapo ndipo nilipokusanya malipo yangu. Asubuhi moja nilipanda kilima na magunia ya mchele wa Kamsamba, nikamkuta jamaa mrefu ameshuka, anasukuma, mdomo wazi, chupa ya enaji tupu imechomekwa kwenye keria. Nilipunguza mwendo makusudi ili aniangalie vizuri. "Injini vipi?" nikamuuliza. Alinitukana kwa Kinamwanga. Nilikanyaga mpaka juu bila kushuka, na huko juu sikuona giza pembeni ya macho wala mikono haikucheza. Niligeuka kumtazama akija mdogomdogo kwenye tope, na roho yangu ikanawiri kuliko mwili.

Ukweni sikukanyaga. Baada ya kuanguka kwangu mama mkwe alimpa kazi mbebaji mwingine, na mimi niliapa sitatia mguu uwanja ule mpaka nirudi na shingo nene. Ilikuwa kiburi, nakubali, lakini ndicho kilichokuwa kinapika. Nilisema na mke wangu kwa simu. Kila mara swali lake lilikuwa moja.

"Unakula?"

"Nakula. Suruali zimenibana. Na wewe?"

"Mimi si niko kwa mama?" anajibu, kisha ananiuliza habari nyingine.

Nami nikaridhika. Niliziona zile sufuria, kuku, kisamvu cha karanga, mtungi kivulini. Nilimwonea hata wivu.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Nilisubiri mpaka kitovu kidondoke, kama ilivyo adabu, kisha nikaoga, nikavaa shati lililokuwa likinipwaya zamani na sasa vifungo vyake vinalalamika. Nikafunga mto kwenye keria kwa ajili ya mke wangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ambayo baiskeli ingeambiwa. Niliyapanga vizuri, yenye miiba. Nilifika getini bila kuhema.

Mama mkwe alikuwa anapepeta maharage. Aliposikia tairi akageuka akanipa mgongo, lakini alichelewa kidogo, alikuwa ameshaniona. Ungo ukasimama hewani.

"Kinu," alisema polepole, "mtu huyu amepata mwili."

Nikafungua mdomo niimwagie baiskeli utamu wangu wote. Ndipo mke wangu akatoka ndani.

Kitenge alikizungusha kiunoni zaidi ya anavyokizungusha siku zote. Mifupa ya mabega ilikuwa inaonekana kupitia nguo. Mkono aliomshikia mtoto ulikuwa mwembamba kama mpini wa mwiko, na macho yameingia ndani, makubwa, yanacheka kwa kuniona. Mtoto alikuwa mdogo lakini mzima, analia kwa sauti yenye haki zake zote. Nyuma yao jikoni sufuria zilikuwa zinachemka. Mayai yalikuwa yamejaa beseni juu ya kigoda.

Damu ilinipanda. Kule kwetu wako wazee wanaowanyima wajawazito mayai na nyama, eti mtoto atakuwa mkubwa atashindwa kutoka, eti atazaliwa hana nywele. Nikajua hapohapo kilichofanyika. Huyu mwanamke aliyeniita maiti alikuwa ameketi juu ya chakula cha kulisha kijiji na kumnyima mwanawe wa kumzaa.

Niliangusha baiskeli. Nikazunguka kinu, nikasimama mbele ya mama mkwe wangu, nikamtazama usoni. Sikuwahi kuuona uso ule. Ulikuwa umezeeka kuliko mgongo wake, na ulifanana na wa mke wangu kiasi kwamba nusura ninyamaze. Sikunyamaza.

"Mama, umemfanya nini mwanao? Kuku wanakanyagana uani kwako, mbwa wako ananenepa, na huyu amebaki mifupa! Mimi ulisema nakwenda kaburini. Sasa anayekwenda ni nani? Wewe si mzazi. Wewe ni bahili na mchawi, na mila zako zikuzike wewe kwanza!"

Vibarua waliacha kupepeta. Mtu mmoja alisema "Awe!" kwa sauti ya kuvuta, kama wanavyosema kule jambo likiwazidi. Mama mkwe midomo yake ilicheza. Kisha alivuta kitenge chake akajifunika uso wote, akageuka, akauendea ukuta wa nyumba na kuegemea pale, paji la uso kwenye tofali. Hakusema neno. Nikajiambia, ona, mwenye hatia hana mdomo.

Mke wangu alikuwa ananivuta shati, anasema kitu, sikumsikia. Nilimkalisha kwenye mto, mtoto mgongoni, nikaokota furushi lake, nikaondoka nao. Mgongo ulikuwa unaniwasha kwa ushindi. Nilikanyaga kama mtu aliyeiba.

Tulivuka mpaka. Upande wa Tunduma, kabla ya kilima, kuna vijana wanaouza mayai ya kuchemsha na kachumbari. Nikasimama, nikamnunulia. Alikula yai la kwanza bila kutafuna sawasawa. Akala la pili. Muuzaji alikuwa anamenya, yeye anakula, chumvi imemganda mdomoni, na mimi nimeshika usukani nikiendelea kumporomosha mama yake.

"Nyamaza," alisema.

Akapangusa chumvi mdomoni.

"Mama alinipikia kila siku. Mayai, kuku, maharage, kila kitu. Anakiweka mbele yangu, anakaa ananisubiri. Nilikataa mimi."

"Ulikataa nini?"

"Nilimwambia, siku utakayomwonyesha mume wangu moto, na mimi nitakula. Chakula ambacho hajaonyeshwa yeye sitakigusa. Nilikula uji na matembele ya kununua mwenyewe, basi. Nilidhani wiki moja itamtosha." Alimpokea muuzaji yai jingine. "Akasema mpaka unenepe. Nami nikasema mpaka aonyeshe. Alikuwa analia jikoni, namsikia. Mwezi huu wote mayai yale alikuwa anayachemsha asubuhi, jioni anayagawa kwa watu."

Hasira yangu ilimgeukia yeye, sifichi. Nilitaka kumpigia kelele palepale barabarani, mtoto yuko mgongoni. Mimi nilikuwa huku natia karanga kwenye uji, nabana vifungo, najitazama kwenye kioo cha kinyozi, na yeye anajinyima kule kwa ajili yangu, na mimba juu. Nikatafuta tusi la kumtosha, sikulipata.

"Kwa nini hukusema pale uani?"

"Nilisema. Ulikuwa unapiga kelele."

"Na yeye? Watu wote wale wanamtazama, mimi namwita mchawi. Angesema neno moja tu, mwanangu amekataa mwenyewe. Neno moja! Kwa nini hakunijibu?"

Mke wangu alinitazama kama wanavyotazamwa wageni.

"Angekujibuje? Umemsimamia usoni, na wewe ni mkwe wake."

Muuzaji aliuliza kama amenye jingine. Mke wangu akasema ndiyo. Malori yalikuwa yanapita, na mimi nimesimama pale na miguu yenye nguvu za kupanda kilima chochote cha mji huu, siwezi kwenda mbele wala kurudi.

Mtoto sasa anakimbia, na moto sijaonyeshwa. Maisha yangu yote nimesema na mama mkwe wangu usoni mara moja tu, na maneno yenyewe ndiyo yale.